Mafua na Mafuta

Asubuhi ya tarehe tisa Januari, jiko la Lou Dexing halikuwashwa. Wateja walifika saa kumi na moja na nusu kama kawaida, wengine wameshika bakuli zao za nyumbani, wakakuta mlango wa bati umeteremshwa nusu. Mkewe, Ruan Meiqin, alikuwa amesimama ndani, koti juu ya nguo za kulalia. Wali wa kunata haukupikwa, mchuzi wa nguruwe haukuchemshwa, na vipande vya unga wa kukaanga vya jana vilikuwa vimelegea kwenye trei.

"Baba Jiayi yuko wapi?" aliuliza dereva wa lori la mchanga, mtu wa kula hapo kila siku isipokuwa Mwaka Mpya.

"Hospitali. Wamemlaza jana."

"Ana nini?"

"Mafua."

"Umesema mafua au mafuta?"

Wawili watatu walicheka. Meiqin hakucheka. Alisema, "Mafua," akaishusha nusu ya mlango iliyobaki.

Dereva hakuwa na nia mbaya. Mtaa mzima ulijua habari za mafuta ya damu ya Lou. Kwa miaka minne mfululizo alipokwenda kupimwa afya alirudi na karatasi yenye mshale unaoelekea juu, na binti yao Jiayi aliuzungushia mshale huo kalamu nyekundu ili mama yake aujue mstari wenyewe. Meiqin aliacha shule darasa la tatu. Maandishi ya hospitali hakuyaelewa, lakini namba alizijua na mshale aliujua. Tangu mwaka ule wa kwanza, Dexing hakuonja kiini cha yai nyumbani kwake, wala ngozi ya nyama, wala utandu wa mafuta ulioganda juu ya sufuria. Mtu anayeuza mchuzi wa nguruwe alilazimika kuuonja kwa ncha ya ulimi na kuutema mbele ya mkewe. Mkewe akigeuka, aliumeza.

*

Wodi ilikuwa na vitanda vitatu. Cha mlangoni kilikuwa kitupu. Cha katikati alilala Mzee Bao Shunli, miaka sabini na mmoja, fundi mstaafu wa kiwanda cha vali. Cha dirishani alilala Dexing, mpira wa oksijeni puani, midomo imekauka. Wote wawili walikuwa na virusi vya aina moja, vile vilivyokuwa vikipita mjini wiki zile, na wote mapafu yao yalikuwa yameathirika.

Mke wa Bao, Bi Xu, alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kofia ya sufu ya zambarau ambayo hakuivua hata ndani. Siku ya pili tu alikuwa ameshamfundisha Meiqin mambo yote ya mle: maji ya moto yanapatikana wapi, nesi yupi mkali, na kwamba majibu ya vipimo huna haja ya kuomba mtu. Unachukua kadi ya mgonjwa, unakwenda kwenye mashine iliyopo karibu na lifti, unaichomeka, karatasi inatoka.

Meiqin alikwenda. Alichomeka kadi, mashine ikaitema. Akaichomeka tena, ikaitema. Nyuma yake foleni ilianza kuguna.

"Mama, kadi umeigeuza kichwa chini," alisema kijana mmoja mwenye miwani. "Unaishi mji huu au umeteremka mlimani leo?"

"Nimeteremka mlimani mwaka wa themanini na tisa," alijibu Meiqin bila kugeuka. "Subiri zamu yako."

Karatasi ilitoka. Mishale ilikuwa mingi, juu na chini, kwenye mistari ambayo hakuijua. Alitafuta ule mmoja alioujua. Aliufuata kwa kidole hadi mwisho: tatu nukta tatu. Pembeni yake hapakuwa na mshale wowote.

Alisimama hapo hadi kijana mwenye miwani akamwomba asogee. Miaka minne ya sita nukta saba, sita nukta tisa, mara moja hata saba. Sasa tatu nukta tatu, na nafasi nyeupe mahali pa mshale.

"Umepona mafuta," alimwambia mumewe alipoingia.

Dexing alifungua jicho moja. "Na mafua?"

"Hayo yanakuja baadaye."

Jioni alimtumia Jiayi ujumbe wa sauti. Jiayi alikuwa mbali, mjini Chengdu, mwezi wa pili kwenye kazi mpya, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Tangu jana alikuwa akiuliza kama aombe ruhusa aje.

"Usije," alisema Meiqin kwenye simu, amegeukia ukutani. "Ukiomba ruhusa sasa hivi watakuambia usirudi. Baba yako anakula uji. Halafu, unajua mafuta yake yamefika ngapi? Tatu nukta tatu. Uji wangu wa siku moja umefanya kazi ambayo vidonge vyako vimeshindwa mwaka mzima."

Kwa watu wa kwetu, habari inayosafirishwa mbali huchaguliwa kwanza. Nzuri inatumwa, mbaya inabaki nyumbani hadi iishe yenyewe. Meiqin hakuona kwamba anadanganya. Alikuwa na habari nzuri moja ya kweli, akaituma.

*

Siku ya tano damu ilipimwa tena. Dexing alikuwa amewekewa mashine nyingine ya oksijeni, yenye mpira mnene na sauti kama birika linalokaribia kuchemka. Alikuwa akizungumza maneno mawili, anapumzika, mawili tena. Asubuhi Daktari Fei, mwanamke kijana mwenye alama za barakoa mashavuni, alikuwa amesema hali ni nzito na wanamwangalia kwa karibu. Meiqin aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Moyoni alisema madaktari kazi yao ni kutisha watu, ili mgonjwa akipona wasifiwe. Kisha akaenda kwenye mashine ya karatasi.

Mbili nukta nne. Na mshale sasa ulikuwepo. Ulielekea chini.

Alirudi wodini karibu anakimbia. Bi Xu naye alikuwa na karatasi ya mumewe mkononi. Hakuwahi kujua aangalie nini.

"Hebu nione," alisema Meiqin. Aliushika mstari kwa ukucha. "Dada, ya kwenu ni moja nukta tisa. Mshale chini. Imetushinda sisi. Hongera."

"Ni nzuri?"

"Baba Jiayi amehangaika miaka minne hajaikaribia."

Bi Xu aliinama karibu na sikio la mumewe, akamweleza kwa sauti kubwa kwa sababu ya ile mashine. Mzee Bao alisikiliza macho yamefumbwa. Halafu alitoa mkono chini ya blanketi, akainua kidole gumba, akakielekeza kitanda cha dirishani.

"Lou," alisema. "Umeshindwa."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Bi Xu akamsugua mgongo huku naye anacheka. Dexing kwa upande wake aliinua kidole kidogo, yaani amekubali kushindwa, lakini si kwa mbali. Hiyo ilikuwa saa tano asubuhi. Kwa dakika chache watu wanne walikuwa na furaha ya kweli katika chumba kile.

Meiqin akatuma ujumbe mwingine Chengdu. Jiayi akajibu hapohapo: "Mbili nukta nne? Mama, hata mimi sina hiyo. Basi anaendelea vizuri?"

"Vizuri sana," alisema Meiqin.

*

Viini vya mayai ndivyo vilivyomfichua. Jiko la hospitali lilileta yai moja la kuchemsha kila asubuhi, na Meiqin alilimenya, akalipasua, ute akauponda ndani ya uji wa mumewe, kiini akakila mwenyewe akiwa amesimama dirishani. Siku ya sita Daktari Fei aliingia wakati bado anatafuna.

"Mama Jiayi, yai la mgonjwa unakula wewe?"

"Kiini tu, daktari. Yeye hali kiini. Ana mafuta." Kisha akajirekebisha kwa fahari. "Alikuwa na mafuta. Yameisha."

Daktari Fei alitazama karatasi ambayo Meiqin alikuwa ameibandika ukutani kwa plasta, juu ya kichwa cha mumewe, kama watoto wa shule wanavyobandikiwa cheti. Alimwita nje, wakasimama karibu na dirisha la korido.

"Hii umeibandika kwa nini?"

"Aione. Apate moyo."

"Mama, kolestero yake haikushuka kwa sababu ya uji. Hakuna chakula kinachoishusha hivi kwa siku tano."

"Basi ni dawa zenu. Asanteni."

"Siyo dawa zetu pia." Daktari alikuwa amechoka na alitafuta maneno taratibu. "Mwili unapopigana na virusi vikali, kolestero hushuka. Kwa wagonjwa wengi wa namna hii tunaona hivyo: kadiri hali inavyokuwa nzito, ndivyo inavyozidi kwenda chini, na wakianza kupona inapanda. Siyo ugonjwa mwingine. Ni alama. Wewe unauza wali, sivyo? Ukiamka ukakuta gunia la mchele lililokuwa limejaa limebaki robo, utasema umebana matumizi?"

Meiqin alimeza kilichobaki mdomoni.

"Utauliza nani ameingia," alisema daktari.

Ndani ya chumba birika lile la oksijeni lilikuwa bado linataka kuchemka. Meiqin alijifuta kona za mdomo kwa vidole, akaona unga wa njano wa kiini, akaificha mikono nyuma.

"Yule wa kitanda cha kati," alisema, "yake ni moja nukta tisa."

"Siwezi kuzungumza habari za mgonjwa mwingine."

"Nilimpa hongera."

Daktari Fei alitazama chini. Kisha aliuliza, "Mna watoto?"

"Mmoja. Yuko Chengdu. Nimemwambia asije."

"Mwambie aje. Sisemi hivyo kwa kukata tamaa. Mumeo ana miaka hamsini na nane, moyo wake ni mzuri, nafasi anayo. Lakini siku tatu zijazo ndizo zitakazotuambia. Na yai umpe zima. Anahitaji nguvu."

Meiqin alibaki koridoni. Alipiga simu, siyo ujumbe wa sauti. Jiayi alipokea kwa kunong'ona, inaelekea alikuwa ofisini.

"Njoo," alisema mama yake.

"Nini? Jana ulisema vizuri sana."

"Jana nilisoma mshale. Karatasi sikuisoma."

"Mama, sielewi."

"Mafuta yakishuka si vizuri. Kwa ugonjwa huu si vizuri. Daktari amesema njoo. Kazi, mimi sijui, wabembeleze. Njoo tu."

Upande wa pili kiti kikaburutwa. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Anataka yai."

Hilo la yai alilitunga, na lilikuwa la mwisho kumtungia binti yake kuhusu ugonjwa ule. Alirudi ndani, akabandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne. Bi Xu alimwangalia.

"Mbona unaitoa?"

Meiqin alifungua mdomo. Mzee Bao alikuwa amelala, kifua kikipanda na kushuka haraka. "Inaanguka anguka," alisema. "Plasta mbovu."

*

Saa kumi jioni walikuja manesi watatu wakakisukuma kitanda cha kati kwenda chumba cha wagonjwa mahututi, ghorofa ya juu. Bi Xu alitembea pembeni ameshika chuma cha kitanda. Hakurudi usiku ule. Jiayi alifika kesho yake mchana, na begi dogo na macho mekundu, akakuta mama yake anabishana na baba yake juu ya yai.

"Kula."

"Hiki ni nini?"

"Hujawahi kuona kiini?"

Dexing alikitazama kijiko, akamtazama mkewe. Alisema maneno mawili, akapumzika. "Kwa hiyo. Nakufa."

"Nani kasema?"

"Miaka minne. Hunipi. Leo unanipa. Na chumvi umetia." Kisha akamwona binti yake mlangoni. "Na huyu mmemleta. Basi nimeelewa."

"Baba, kula," alisema Jiayi, akiwa hajui acheke au alie. "Daktari ndiye ameruhusu."

"Ameruhusu mayai mangapi?"

"Moja."

"Muulizeni kama mawili."

Alikula kile kiini kwa dakika kumi na tano, kwa vipande vidogo kama punje. Hakubakisha.

Siku iliyofuata matokeo yalikuwa mbili nukta mbili. Jiayi aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, mama yake akiwa begani kwake. Daktari Fei alisema wasiitazame hiyo peke yake, waangalie oksijeni kwanza, na oksijeni ilikuwa imesimama palepale, haijapanda wala haijashuka, jambo ambalo leo alilihesabu kuwa jema.

Mchana ule Bi Xu alirudi. Alikuja kuchukua chupa ya chai, kandambili za mumewe, na redio ndogo iliyobaki kwenye kabati la pembeni. Kofia ya zambarau alikuwa ameivua, ameikamata mkononi. Meiqin alielewa kabla hajaambiwa.

"Asubuhi," alisema Bi Xu. "Saa mbili."

Meiqin alimsaidia kufungasha. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja, waliifanya wawili. Kandambili zilipokwisha kuingia mfukoni, alisema kwa sauti ya chini, "Dada, ile karatasi. Nilikwambia hongera. Sikujua ninachosoma. Ulikuwa mshale wa hatari na mimi nikamfanya mzee ashangilie. Unisamehe."

Bi Xu alikaa kwenye godoro lililoachwa wazi. Kwa muda alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya chai.

"Ungejua, ungemwambia nini?" aliuliza.

"Sijui. Ningenyamaza."

"Basi ni afadhali hukujua. Siku ile ndiyo pekee aliyocheka humu ndani. Mchana wote alinisumbua. Ananiambia, mama, kiwandani miaka thelathini na nne sikuwahi kuwa mfanyakazi bora hata wa mwezi, leo nimekuwa wa kwanza na Lou amekubali." Alifunga kifuniko, safari hii kabisa. "Maneno yako hayakumpunguzia wala kumwongezea kitu, daktari ameniambia. Ninyi mlimpa asubuhi moja. Usiniombe msamaha kwa hilo, utaninyang'anya asubuhi hiyo."

Alisimama, akaenda kitanda cha dirishani, akamgusa Dexing mguu juu ya blanketi. "Lou, wewe namba yako ipande," alisema. "Yeye amekuachia."

Dexing aliitikia kwa kichwa. Bi Xu alipotoka, Dexing aligeuza uso upande wa kioo, na Jiayi, aliyekuwa akimfuta jasho, alimfuta na machozi kwa kitambaa hichohicho.

*

Tarehe ishirini asubuhi Meiqin alikwenda kwenye mashine peke yake. Kadi aliiweka sawa mara ya kwanza. Alikuwa ameamua kwamba akiona mbili kamili hataingia wodini, atakaa kwanza kwenye ngazi hadi uso wake utulie.

Ilikuwa mbili nukta saba. Mshale bado uliangalia chini, lakini namba ilikuwa imepanda.

Hakukimbia. Alimpelekea Jiayi, Jiayi akampelekea Daktari Fei, na daktari akaisoma pamoja na nyingine zote, akasema, "Mapafu yanafunguka. Leo tutajaribu kupunguza oksijeni." Akamgeukia Meiqin. "Na hii ndiyo uliyotaka kuniuliza. Ndiyo, inarudi. Polepole."

"Itafika sita?"

"Mama Jiayi, unaomba ifike sita?"

"Nauliza tu."

"Ikifika sita akiwa nyumbani, atarudi kwenye vidonge na wewe utarudi kumnyima viini. Lakini siyo mwezi huu."

Tarehe ishirini na nne ilikuwa tatu nukta nne, mahali pa mshale pakiwa peupe, na Dexing alikwenda chooni kwa miguu yake ameshikwa mkono na binti yake, akilalamika njia nzima kwamba uji wa hospitali hauna hata harufu ya nguruwe aliyepita mbali. Nesi mkali alisema mgonjwa akianza kutukana chakula, muandalie viatu. Tarehe ishirini na sita walimruhusu. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa umebaki siku tatu.

Walimwalika Bi Xu chakula cha mkesha. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaja, akala kidogo, akaosha vyombo vyote bila kuruhusu mtu aguse sinki. Dexing alikaa mezani na shuka mabegani. Alipumua kwa kelele kidogo alipocheka, na alicheka mara tatu, Jiayi alihesabu.

Duka bado limefungwa. Dereva wa lori ameshapita mara mbili kuuliza, na Meiqin amemwambia ni baada ya siku ya kumi na tano ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina, labda, na kwa kuanzia watauza wali tu, mchuzi utasubiri hadi mwenyewe aweze kusimama saa mbili mfululizo. Kazini Chengdu walimpa Jiayi likizo bila malipo na barua ya onyo, akaisaini.

Treni yake ni Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Baba yake atamsindikiza kwa miguu hadi kituo cha basi, mita mia nne, na atapumzika mara mbili njiani.